Maji Yalitoka Safi

Viatu viliingia kwenye mashine vikiwa na matope mekundu mpaka kwenye matundu ya kamba, vikatoka vyeupe. Hapo hapana ajabu, mashine ililetwa kwa kazi hiyo. Ajabu ni kwamba Evode alipofungua bomba la chini na kuinama atazame maji yakimwagika, maji yalikuwa safi. Yalikuwa na povu la sabuni juu, na chini ungeweza kuona kokoto za mtaro.

Evode alikuwa akifua nguo za Wazungu tangu vita vyao vimalizike, na alijua jambo ambalo kila mfuaji analijua: uchafu haufi, unahama. Ukitoka kwenye shati unaingia kwenye maji, ukitoka kwenye maji unaingia ardhini. Sasa matope yote yale yalikuwa yamehamia wapi?

Alichovya kidole, akanusa. Sabuni tu. Akajiambia kwamba mashine za Ulaya zina akili zake, akavitoa viatu, akalitoa na gauni jeupe la binti yake lililokuwa limezunguka humo pamoja navyo, akavianika vyote nyuma ya jiko. Laiti angesimama akafikiri kidogo! Lakini ndivyo tulivyo sisi binadamu, jambo likitutisha tunaligeuzia mgongo.

Nyumba ile ilikuwa ya mlowezi mmoja, juu ya kijiji cha Kingi, katika milima ya Masisi, katikati ya mashamba ya pareto. Mashine aliinunua kwa ajili ya mkewe, Madamu, na siku ilipofika watu walipanda kilima kuja kuitazama kama wanavyokwenda kumtazama bibi harusi. Ilikuwa na tumbo jeupe la chuma, ndani yake pipa lenye matundu lililozunguka, na juu yake magurudumu mawili ya mpira ya kukamulia nguo. Ilikula umeme. Umeme ulitoka kwenye gurudumu kubwa lililosukumwa na maji ya mfereji, na maji ya mfereji yalipitia lango la mbao. Lango likifungwa gurudumu linasimama, na mashine inabaki sanduku tu.

Mlinzi wa lango alikuwa Jean-Bosco, mdogo wake Evode, kitinda mimba wa mama yao Mukankusi. Kijana mcheshi, mguu wake wa kushoto ulijulikana mpaka Walikale kwa sababu ya mpira. Padri wa misheni alimpa viatu vyeupe vya turubai kwa ajili ya mguu huo, naye akavivaa kila mahali, kanisani, sokoni, hata mafichoni kwa wasichana. Majini tu ndimo asimoingia navyo.

Siku ya mvua kubwa tawi la mti lilikwama langoni. Jean-Bosco alivua viatu, akaviweka ukingoni vimeshikamana, akashuka kulitoa. Maji yakamchukua. Chini ya gurudumu mfereji unaangukia kwenye korongo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona chini yake. Watu wakamtafuta na kumwita mpaka sauti zikawakauka. Kilichopatikana ni viatu.

Basi watu wa milima ile wana desturi yao. Aliyekufa na maiti yake isionekane, huzikwa kitu alichokivaa, na kitu hicho hakioshwi. Jasho lililomo na uchafu uliomo ndio mwili uliobaki, hakuna mwingine. Hata katekista, aliyezoea kukemea kila kitu, hilo hakulikemea. Mukankusi akavifunga viatu kwenye kitambaa chake cha kichwani, akampa Evode avipeleke kwa seremala wa shamba vipimiwe kisanduku.

«Usifungue,» alimwambia. «Nilishafunga mimi mwenyewe.»

Evode akafungua. Na ninamwelewa, jamani, ninamwelewa. Mazishi yangehudhuriwa na watu wa misheni, padri angeinama juu ya sanduku alibariki, na ndani aone nini? Matope. Mfuaji wa Madamu, mtu ambaye mashati yake yalisifiwa mpaka Goma, amzike mdogo wake mchafu! Madamu mwenyewe alikuwa safarini. Mashine ilikuwa imekaa bure. Na kwa kuwa Emérita, binti yake, alikuwa akisubiri komunyo ya kwanza, alilitupia humo na gauni lake, weupe wote utoke siku moja. Alifanya hivyo kwa upendo. Upendo ukichanganyika na fahari, kazi yake ndiyo hiyo.

Baada ya kuyaona yale maji safi hakutaka tena mtu yeyote avione viatu, hasa mama yake. Alikipigilia misumari kisanduku mwenyewe kabla hakijafika nyumbani. Wakakizika nyuma ya migomba, wakaimba, wakala maharage ya kilio, na Evode akanyamaza.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Haikuchukua muda.

Siku moja adhuhuri ukungu ulishuka, ule mzito wa Masisi unaoingia hadi ndani ya nyumba na kukaa kama mgeni. Mlinzi mpya, Straton, alikuwa amefunga lango ili azoe matope ya mfereji. Gurudumu lilisimama. Evode alikuwa jikoni na pasi yake ya makaa, akinyoosha shuka, aliposikia kutoka chumba cha kufulia: tu. Kimya. Tu, tu. Kimya. Kisha tu-tu, tu-tu, tu-tu, sauti ya viatu viwili vinavyogonga chuma pipa likizunguka.

Aliiweka pasi chini. Akaenda polepole akishika ukuta. Mashine ilikuwa imetulia, waya wake umening'inia msumarini, mfuniko umefungwa, na chini ya mfuniko huo viatu vilikuwa vikizunguka na kugonga. Akaufunua. Sauti ikakatika. Pipa lilikuwa tupu na kavu, ila harufu ya matope na majani yaliyooza ilimpanda usoni mpaka akarudi nyuma. Akaufunga tena. Tu-tu, tu-tu.

«Ni nani?» alinong'ona.

Sauti ikakoma ghafla, kama mtu anayesimama njiani aliposikia anaitwa.

Halafu Madamu, ambaye alikuwa amerudi siku ile kutoka Goma, akapaza sauti barazani: «Evode! Zima mashine! Kichwa iko nauma!»

«Ndiyo, Madamu,» alijibu Evode, na hakujua azime nini.

Akarudi nyumbani. Mke wake, Sidonie, ambaye marehemu alimwita shemeki, mzaliwa wa Shasha kando ya ziwa, alikuwa na mambo yake mwenyewe ya kumshangaza. Alikuwa amemvisha Emérita lile gauni apime kama linamfaa, na mtoto alikuwa ametoka kuoga kisimani, anang'aa. Lakini alipomvua na kumfuta shingo kwa kitambaa, kitambaa kikawa chekundu. Akamwosha kwenye beseni. Maji yakawa matope. Akayamwaga, akamwosha tena, yakawa matope tena, na mtoto hakuwa na hata chembe ya uchafu mwilini.

«Papa Emérita, kuya uone,» alimwita mumewe kwa sauti ya chini. «Huyu mutoto iko anatoka udongo.»

Evode alisimama mlangoni akamtazama binti yake. Emérita alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, na wayo wa mguu wa kushoto alikuwa akiusugua taratibu kwenye shavu la mguu wa kulia, juu, chini, juu, chini, vile Jean-Bosco alivyokuwa akisimama siku zote akisubiri mpira. Mtoto akainua macho. Sauti iliyomtoka kinywani ilikuwa nzito, ya kijana aliyebalehe zamani.

«Mulango ya maji,» alisema, «nilifunga?»

Kutoka siku hiyo nyumba ikajaa maji yasiyoonekana yanakotoka. Wakimkausha mtoto nywele, zinadondosha tena. Mkeka wake ukawa na umbo la mtu mzima lililolowa. Walilala wote wamebanana upande mmoja wa moto, na upande wa pili mkeka ukatoa mvuke. Mbaya kuliko yote, kila walipogeuza macho Emérita aliondoka. Hakukimbia, alitembea kama mtu anayewahi kazini, akakatiza shamba la muhogo na kushika njia ya mfereji. Mara ya kwanza Sidonie alimshika kwenye migomba. Mara ya pili ni Straton aliyemshika, mtoto ameshaingiza miguu majini, uso ameuelekeza korongoni, na Straton mwanaume mzima alilia akimsimulia Evode nguvu alizokuwa nazo yule mtoto wa kike.

«Mara ingine sitaweza,» alisema. «Kaka, nakuambia kweli. Ingine tutamupoteza.»

Hapo Evode akaenda kwa mama yake, akapiga magoti, akasema yote, mashine, sabuni, gauni, na yale maji safi.

Mukankusi alikuwa akichambua maharage. Mikono yake ikasimama.

«Evode,» alisema. «Ulifula mudogo wako.»

«Mama, nilitaka akuwe safi.»

«Ulimufula, ukamumwanga. Sasa tulizika nini pale? Vitambaa?» Hakupandisha sauti hata kidogo, na ingekuwa afadhali angepiga kelele. «Mutoto wangu iko anatafuta mwili. Na ameona ya mutoto wako.»

Walimtuma mtu hadi kijiji cha Nyabiondo kumleta Nyiramana, mganga mzee aliyevaa rozari na hirizi kwenye shingo moja bila kuona haya. Alifika na ukungu wa alasiri. Hakuuliza habari. Alimnusa Emérita utosini, akabandika sikio kwenye kifua chake, akasikiliza muda mrefu.

«Iko ndani,» alisema. «Haiko mubaya. Anaogopa tu, hajue pa kwenda.»

«Watu wanasema maji ikimwangika haizoleki,» Evode alinong'ona.

«Itazoleka. Lakini itataka chombo.» Akamtazama Evode miguuni. «Viatu yake itafukuliwa. Wewe mwenye mulitoka tumbo moja utaivaa. Utamushika mutoto mukono, mutaanza pale ku mufereji, kwenye alivua, mpaka ku kaburi. Atatoka kwa mutoto, atapita kwako, atashuka mu viatu. Unanisikia? Atapita kwako. Utasikia maji inapanda. Ikifika ku kifundo ya muguu, vua, hata mutoto anaita, hata analia. Usiache ifike ku goti.»

«Na ikifika?»

«Ikifika ku goti, mimi sitajua tena ni nani anavua.»

Walikifukua kisanduku. Viatu vilikuwa vyeupe kupita siku ile vilipotoka kwenye mashine, udongo wa kaburi haukuvigusa, na Nyiramana alipovinusa alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema humu hamna mtu. Sidonie alitaka kwenda nao. Mama mkwe akamkataza. Mke wa nyumba hubaki awashe moto na kuweka maji ya kunawa kwa wanaorudi makaburini, ndivyo inavyofanyika, na kama hakuna anayewasubiri mlangoni wanaorudi watarudi kwa nani? Sidonie akabaki, na kubaki huko kulikuwa kugumu kuliko kwenda.

Viatu vilikuwa vidogo. Evode alivivaa vikambana vidole, akafunga kamba, akamshika binti yake mkono uliokuwa baridi kama mawe ya kijito, na kwa hatua ya kwanza tu kutoka pale ukingoni akasikia ndani ya viatu vikavu mguu wake umekanyaga maji. Mukankusi alitembea mbele na jembe, Nyiramana nyuma akinong'ona Salamu Maria na maneno mengine ambayo si ya Maria, na ukungu ulikuwa mzito hata njia waliyoipita kila siku ya maisha yao ikawa njia ya ugenini, migomba ikitokea na kupotea, na kila hatua viatu vililia chwa, chwa, na baridi ikapanda kidogo, si juu ya ngozi bali ndani, kwenye mfupa, ikafunika vidole, ikafunika unyayo, na kwa kadiri ilivyopanda kwake mkono wa mtoto ukawa unapata joto, kidole kimoja, kisha kingine, na Evode akaanza kukumbuka vitu ambavyo hakuwahi kuviona, uwanja wa misheni ukitazamwa kutoka upande wa kushoto, msichana mmoja anacheka nyuma ya ghala la pareto, tawi limekwama, maji ya kahawia, na juu ya maji anga dogo jeupe linalokwenda mbali.

Walipofika kaburini maji yalikuwa kwenye kifundo.

«Vua!» Nyiramana alisema.

Evode aliinama, mkono ukafika kwenye kamba. Lakini alimtazama binti yake kwanza, na ni mzazi gani asingemtazama? Nusu ya uso wa Emérita ilikuwa imerudi, na nusu haikurudi. Jicho moja lilikuwa la mtoto wake na lilikuwa linaogopa. Kutoka kwenye pembe ya mdomo wake matope yalikuwa bado yanatiririka, na ile sauti nzito iliuliza kwa unyonge kama mulango ya maji umefungwa.

«Vua, Evode! Ilifika!»

«Bado,» alisema Evode. «Haijamutoka yote.»

«Itatosha! Hiyo ingine nitatoa na dawa, pole pole!»

«Na akienda ku mufereji leo?»

 Evode akaiachia kamba ya kiatu. Akanyoosha mgongo, akaushika mkono wa binti yake kwa mikono yote miwili, akafumba macho, na mama yake aliyekuwa amesimama upande wa pili wa shimo aliona suruali yake ikilowa, kuanzia chini, ikipanda taratibu kama kitambaa kilichochovywa, ikapita shavu la mguu, ikafika kwenye goti.

Emérita akakohoa kwa nguvu. Donge la mwisho la matope likamtoka, akavuta pumzi, akalia kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba.

«Papa! Papa, niko nasikia baridi!»

Mukankusi akamvutia kwake, akamfunika kwa kitenge. Alikuwa mkavu. Nywele zake zilikuwa kavu, mikono kavu, mtoto mzima kabisa anayetetemeka na kutaka mama yake.

Ndipo yule mwanaume aliyevaa viatu alipokaa chini kwenye udongo. Alifungua kamba bila haraka. Alivivua, akavitazama kwa tabasamu kidogo, akaviweka ukingoni mwa shimo vimeshikamana. Vilikuwa vyekundu kwa matope mpaka kwenye matundu.

Nyiramana alimsogelea, akamshika kidevu, akamwinua uso.

«Wewe ni nani?»

 Mukankusi akajibu haraka kuliko alivyowahi kujibu jambo lolote maishani mwake.

«Ni mutoto wangu. Fukia.»

Mganga alimwachia kidevu, akachukua jembe. Wakafukia.

Nyumbani Sidonie alikuwa amesimama mlangoni tangu walipoondoka, kibuyu cha maji mkononi, moto nyuma yake. Emérita alitoka kwenye ukungu akikimbia, akamkumba kiunoni nusura amwangushe, akaanza kusema mambo yote kwa mpigo mmoja, njaa, baridi, na kwamba hataki tena gauni lile. Sidonie alimgusa nywele, akamgusa mgongo, akamnusa shingo. Moshi na jasho la mtoto. Akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa majina yote aliyofundishwa na padri na mengine aliyofundishwa na bibi yake wa Shasha.

Kisha akamwona mumewe. Alikuwa amefika kwenye uwanja akasimama, peku, mbali kidogo na mlango, kama mtu asiye na ruhusa ya kusogea. Mama yake alikuwa kando yake amemshika mkono, vidole kwa vidole, na hakutaka kuinua macho.

«Ingia, Papa Emérita,» Sidonie alimwambia, akimnyooshea kibuyu. «Kuya unawe. Mutoto amepona.»

Yule mwanaume aliinamisha kichwa kwa heshima, akarudi hatua moja nyuma.

«Aksanti, shemeki,» alisema. «Kaka iko ndani?»